Sayansi jinai mahakamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu DNA, alama za vidole, PF3 na ripoti za mkemia

Ukurasa huu umekusanya maswali yanayoletwa na ndugu wa washtakiwa, ndugu wa waathirika, wanafunzi wa sheria na, mara mojamoja, askari wapelelezi wenyewe. Mifano mingi ya makosa ni ya Marekani na Ulaya, maana huko ndiko majalada ya zamani yalikofunguliwa upya kwa wingi na makosa yakahesabiwa. Vipengele vya sheria ni vya Tanzania Bara na Kenya. Haya ni maelezo ya jumla. Kesi yako ipeleke kwa wakili.

Ushahidi wa mtaalamu una tofauti gani na ushahidi mwingine?

Shahidi wa kawaida anaeleza alichokiona, alichokisikia au alichokishika. Mtaalamu anaruhusiwa kwenda mbali zaidi na kusema anachofikiri. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania na ile ya Kenya, zote zikiwa zimechipuka kutoka Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, zinaiita kazi yake kwa jina moja: maoni. Ripoti inaweza kuwa na mhuri, nembo ya taifa na michoro ya rangi, bado ni maoni.

Kwa hiyo hakimu anaweza kuikataa?

Anaweza, akitoa sababu. Pengine kuna ushahidi mwingine wenye nguvu zaidi, au mbinu iliyotumika ina kasoro, au mtaalamu ameshindwa kueleza alifikaje kwenye jibu lake. Hakimu hawezi kuitupa kwa sababu tu haikumpendeza. Ila tatizo tunalokutana nalo zaidi ni la upande wa pili: ripoti inapokelewa, hakuna anayeuliza swali hata moja, na hukumu inaiegemea kama ukuta.

Vipimo vyote vya kisayansi vina uzito sawa?

Hapana, na hili ndilo jambo ambalo wengi hawalijui.

Mwaka 2009 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilitoa ripoti iliyowashtua wanasheria wengi. Ilisema kwamba, ukiacha DNA (vinasaba), hakuna mbinu ya sayansi jinai iliyothibitishwa kwa majaribio makali kuwa inaweza, kila mara na kwa uhakika mkubwa, kuunganisha kielelezo na mtu mmoja mahususi. Mwaka 2016 baraza la washauri wa sayansi wa Rais wa Marekani likarudia kazi hiyo kwa kuuliza swali dogo tu: mbinu hii imewahi kupimwa ikajulikana hukosea mara ngapi? DNA ya mtu mmoja ilipita. Alama za vidole zilipita kwa onyo: katika utafiti mmoja kiwango cha kumtaja mtu asiyehusika kingeweza kufikia kosa 1 kwa kila 306, na katika mwingine kosa 1 kwa kila 18. Ulinganishaji wa risasi na maganda yake ulikuwa na utafiti mmoja tu uliopangwa ipasavyo. Alama za meno zilianguka kabisa.

Sababu ni ya kihistoria. DNA ilizaliwa katika maabara za biolojia, ikapigwa na kugeuzwa na wanasayansi wasio na kesi yoyote. Mbinu nyingi nyingine zilikulia mikononi mwa polisi. Fundi alimfundisha fundi, mahakama ikakubali kwa kuwa mahakama iliyotangulia ilikubali, na ikapita miaka bila mtu kuuliza zinakosea kiasi gani. Mtu akikwambia mbinu yake ina miaka mia mahakamani, amekwambia umri wake tu.

DNA imesema ni yeye. Kuna la kujibu tena?

Lipo. DNA hujibu swali moja, nalo ni: chembechembe hizi ni za nani? Haisemi zilifika lini, zilifikaje, wala aliyeziacha alikuwa akifanya nini. Mahakama nayo inataka kujua nani alitenda kosa. Kati ya maswali hayo mawili kuna pengo, na makosa mengi ya DNA huishi humo.

Mwaka 2012 jimboni California mtu mmoja alishtakiwa kwa mauaji kwa sababu DNA yake ilikutwa kwenye kucha za marehemu. Akakaa mahabusu miezi kadhaa. Kumbe usiku wa mauaji alikuwa hospitalini, amelewa chakari, na rekodi za hospitali zilithibitisha. Wahudumu wa gari la wagonjwa waliombeba ndio hao hao walioitwa baadaye eneo la mauaji. Waliibeba DNA yake bila kujua. Maabara haikukosea, zilikuwa chembechembe zake kweli.

Ujerumani mambo yalikuwa makubwa zaidi. Kwa miaka mingi polisi walimsaka mwanamke mmoja ambaye DNA yake ilionekana katika matukio yapatayo 40 ya Ujerumani, Austria na Ufaransa, kuanzia wizi wa kawaida hadi mauaji ya askari wa kike mjini Heilbronn mwaka 2007. Mwaka 2009 ikagundulika kwamba mwanamke huyo alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda kilichohusika na vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Vijiti vilikuwa vimetakaswa vizuri. Lakini kutakasa huua bakteria tu, DNA inabaki pale pale.

Halafu kuna namba. Ukisikia "uwezekano wa mtu mwingine kulingana ni mmoja kwa milioni", usielewe kwamba kuna nafasi moja kwa milioni kuwa mshtakiwa hana hatia. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7. Kwa kiwango hicho, watu 60 hivi nchini wangelingana na sampuli hiyo, na ndugu wa damu wana nafasi kubwa zaidi ya kukaribiana. Namba za DNA kamili ya mtu mmoja huwa kali kuliko hiyo. Sampuli hafifu au iliyochanganyika watu watatu au wanne huzishusha sana. Uliza kila mara: ilikuwa DNA ya mtu mmoja au mchanganyiko?

Lakini DNA ndiyo imewatoa wengi gerezani, sivyo?

Ndiyo, na kazi yake ya kwanza katika kesi ya mauaji ilikuwa kumwokoa mtu. Miaka ya 1980 karibu na Leicester, Uingereza, kijana wa miaka 17 alikiri mauaji ya msichana. Polisi wakampelekea Alec Jeffreys, mwanasayansi aliyevumbua utambuzi wa watu kwa DNA, sampuli ili athibitishe kwamba kijana huyo ndiye aliyeua pia msichana wa awali. Jibu likawa kwamba wasichana wote wawili waliuawa na mtu mmoja, na mtu huyo si kijana aliyekiri. Muuaji, Colin Pitchfork, alihukumiwa mwaka 1988.

Alama za vidole hazifanani kwa watu wawili. Makosa yanatoka wapi?

Kwenye kidole hakuna tatizo. Tatizo ni alama iliyoachwa: nusu kidole, imeburuzwa, imewekwa juu ya nyingine, kwenye mfuko wa plastiki uliokunjamana. Aliyewahi kusajili laini ya simu kwa alama za vidole akaambiwa "jaribu kidole kingine, mama" anajua kwamba hata kidole chenyewe, kikiwa safi na kimebanwa kwenye mashine, wakati mwingine hakisomeki. Mikono ya jembe na ya kufua imekwishasagika.

Tarehe 11 Machi 2004 mabomu yalilipuka kwenye treni za Madrid. Alama moja iliyokutwa kwenye mfuko wa viwashio vya mabomu ilitumwa FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Kompyuta ikatoa majina 20 yanayokaribiana, na jina la nne lilikuwa la Brandon Mayfield, wakili wa Oregon. Wachunguzi watatu wa FBI wakasema ni yeye. Mtaalamu wa nje aliyeteuliwa na mahakama, kwa ombi la upande wa utetezi, naye akasema ni yeye. Polisi wa Hispania walikuwa wamekwishasema hapana. Mayfield alikamatwa mwezi Mei, akakaa ndani wiki mbili, mpaka Wahispania walipomtaja mwenye alama, raia wa Algeria. Mwaka 2006 serikali ya Marekani iliomba radhi na kumlipa dola milioni 2.

Mayfield alikuwa amesilimu, na aliwahi kumwakilisha mshtakiwa wa ugaidi katika shauri la malezi ya mtoto. Ukaguzi wa baadaye ulisema mambo hayo hayakuanzisha kosa, ila huenda yalichangia wachunguzi kuchelewa kulitazama upya walipopingwa.

Mtaalamu akijua habari za kesi, inamwathiri?

Inamwathiri, hata akiwa mwaminifu kama nini. Mwaka 2006 mtafiti Itiel Dror na wenzake walichapisha jaribio dogo la kuogofya. Wataalamu watano wa alama za vidole walipewa jozi za alama, wakaambiwa hizi ni zile za kesi ya Mayfield ambazo FBI walikosea. Ukweli ni kwamba kila mmoja alikuwa amepewa alama alizowahi kuzichunguza yeye mwenyewe miaka iliyopita na kusema zinalingana. Watatu walisema sasa hazilingani. Mmoja akasema hawezi kuamua. Mmoja tu alishikilia jibu lake la zamani.

Sasa fikiria barua ya kuomba uchunguzi inayoandikwa: "Mtuhumiwa amekiri, tunaomba uthibitisho." Kabla hajawasha darubini, lisemwalo limekwishakuwa lipo. Maabara nzuri humficha mchunguzi kila kitu asichokihitaji kwa kipimo chake. Kuomba nakala ya barua hiyo ni haki ya utetezi ambayo mawakili wengi huisahau.

Ni mbinu gani zilizoanguka waziwazi?

Nywele kwanza. Mwaka 2015 FBI na Wizara ya Sheria ya Marekani walikiri kwamba wachunguzi wao wa nywele kwa darubini walitoa ushahidi uliopita mipaka ya sayansi. Katika kesi 268 zilizopitiwa ambapo ushahidi huo ulimkandamiza mshtakiwa, 257 zilikuwa na kasoro. Washtakiwa 35 katika kesi hizo 268 walikuwa wamehukumiwa kifo, na kwa 9 hukumu ilikuwa imekwishatekelezwa. Zingatia kilichokosewa. Mchunguzi alikuwa na haki ya kusema "nywele hizi zinafanana". Kizimbani akasema, kwa namna moja au nyingine, "ni zake".

Alama za meno pia. Ngozi ya binadamu huvutika, huvimba, hubadilika kila saa. Ray Krone wa Arizona alihukumiwa kifo mwaka 1992 kwa sababu mtaalamu alisema meno yake yalilingana na alama kwenye mwili wa marehemu. Aliachiwa 2002, DNA ilipomtaja mtu mwingine ambaye tayari alikuwa gerezani kwa kosa jingine.

Na moto. Zamani vioo vilivyopasukapasuka kama utando wa buibui vilihesabiwa kuwa dalili ya petroli. Baadaye ikajulikana kwamba kioo cha moto kikimwagiwa maji ya zimamoto hupasuka hivyohivyo. Cameron Todd Willingham alihukumiwa kifo jimboni Texas mwaka 1992 na kuuawa kwa sindano Februari 2004, akidaiwa kuchoma nyumba iliyowaua binti zake watatu. Wanasayansi wa moto waliopitia jalada lake baadaye hawakuona ushahidi wa kisayansi kwamba moto ule uliwashwa makusudi.

Ripoti ya mkemia kuhusu dawa za kulevya inaaminika?

Kwa kemia yenyewe, sana. Kutambua heroini au kokeini kwa vifaa vya kisasa ni kazi iliyothibitishwa. Kipimo cha haraka cha kubadilisha rangi ni jambo jingine; hicho ni cha kukisia tu, hakifai kumfunga mtu.

Udhaifu mkubwa uko njiani, kutoka mfukoni mwa mtuhumiwa hadi meza ya mkemia na kurudi mahakamani. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Paulo Maduka na wenzake wanne dhidi ya Jamhuri (rufaa ya jinai namba 110 ya 2007), ilieleza kwamba lazima kuwe na kumbukumbu za maandishi kwa mtiririko: nani alikikamata kielelezo, nani alikitunza, kilihamia kwa nani, nani alikichunguza. Maamuzi ya baadaye yamelegeza kidogo kwa vitu visivyobadilishwa kirahisi. Unga mweupe kwenye mfuko wa nailoni si mojawapo ya vitu hivyo, kwa maoni yangu.

Mara chache tatizo huwa ni mkemia mwenyewe. Massachusetts, mkemia wa maabara ya serikali alikuwa akitazama sampuli kwa macho na kuandika matokeo bila kuzipima. Alikiri makosa mwaka 2013. Mwaka 2017 hukumu zaidi ya 21,000 zilifutwa. Wenzake walikuwa wameona kwamba anamaliza sampuli nyingi kuliko mtu yeyote.

PF3 imeandika "hakuna michubuko". Kesi ya ubakaji imekufa?

Haijafa. PF3 ni fomu ya polisi ambayo daktari huijaza baada ya kumchunguza aliyeumizwa. Waathirika wengi wa ubakaji hawaachwi na jeraha lolote linaloonekana, hasa wanapochunguzwa siku kadhaa baadaye. Na maneno "bikira haipo" hayathibitishi kitu: mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalisema wazi kwamba kinachoitwa kipimo cha ubikira hakina msingi wa kisayansi.

Kinyume chake pia ni kweli. PF3 ya Tanzania, au P3 ya Kenya, inaweza kuonyesha kwamba mtu ameumizwa. Haimtaji aliyemuumiza. Daktari akiandika "amebakwa na jirani yake", hapo ameandika alichosimuliwa.

Hakuna DNA kabisa. Mtu anaweza kutiwa hatiani?

Anaweza. Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilisema katika shauri la AML dhidi ya Jamhuri (2012) kwamba ubakaji huthibitishwa kwa ushahidi, hauhitaji lazima DNA. Tanzania, shauri la Selemani Makumba (2006) liliweka kwamba ushahidi bora wa kubakwa hutoka kwa mwathirika. Mahakama imeonya baadaye kwamba maneno hayo yasichukuliwe kama msahafu, ushahidi wake nao lazima upimwe.

Lazima mtaalamu aje mahakamani, au karatasi inatosha?

Karatasi inaweza kupokelewa bila yeye. Lakini Tanzania, chini ya kifungu cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ambacho kwa miaka mingi kimejulikana kwa namba 240, mahakama inatakiwa imweleze mshtakiwa kwamba ana haki ya kutaka daktari aliyeandika ripoti aitwe ili adodoswe. PF3 nyingi zimeondolewa kwenye kumbukumbu kwa sababu hakimu hakusema sentensi hiyo. Vilevile, tangu shauri la Robinson Mwanjisi (2003), nyaraka ikishapokelewa inapaswa kusomwa kwa sauti, mshtakiwa asikie kilichomo. Kenya, kifungu cha 77 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu ripoti itumike na kinaipa mahakama uwezo wa kumwita aliyeiandika, na Katiba ya 2010, ibara ya 50, inampa mshtakiwa haki ya kujua mapema ushahidi utakaotumika.

Ukiulizwa kama unataka mtaalamu aitwe, usiseme "hapana" ili kesi iishe haraka. Wengi husema.

Akija, aulizwe nini?

Usishindane naye kuhusu kemia, atakushinda. Muulize swali alilopewa lilikuwa lipi na nani alilitunga. Aliambiwa nini kuhusu mshtakiwa kabla ya kuanza? Sampuli ilifika ikiwa na lakiri, na lakiri hiyo ilikuwa namba ngapi? Nani mwingine aliyerudia kazi yake, na huyo wa pili alijua jibu la wa kwanza? Akisema "vinalingana", mwombe aeleze ni watu wangapi wengine wangelingana. Akisema hajawahi kukosea tangu aanze kazi, mwache hakimu asikie jibu hilo vizuri, kisha uliza alijuaje.

Maabara ina ithibati ya kimataifa. Hiyo haitoshi?

Ithibati ya ISO 17025 inaonyesha kwamba maabara ina taratibu zilizoandikwa na zinazokaguliwa. Haisemi kitu kuhusu sampuli yako, wala kuhusu gari lililoileta.

Minara ya simu inaonyesha alikuwa pale.

Inaonyesha simu ilikuwa ndani ya eneo la mnara, ambalo kijijini linaweza kuwa la kilomita nyingi. Simu ilikuwa mkononi mwa nani ni swali la ushahidi mwingine.

Mimi ni ndugu wa mwathirika. Haya yote si ya kuwasaidia wahalifu?

Tunakuelewa, na swali ni halali. Lakini wakati wapelelezi wameridhika na kijana wa Leicester aliyekiri, hakuna aliyekuwa akimtafuta Pitchfork. Kwako wewe, sayansi inaanza saa za mwanzo: asioge kabla ya kufika kituo cha afya ikiwezekana, nguo alizovaa zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki hutunza unyevu, unyevu huleta ukungu, na ukungu huila DNA.

Kumwajiri mtaalamu wetu ni ghali. Tufanyeje?

Tanzania ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, Kenya ina yake ya 2016. Anzia kwa watoa msaada waliosajiliwa. Pia, si kila mara unahitaji kipimo kipya. Mara nyingi mtu wa fani hiyo akisoma ripoti kwa saa moja anakuonyesha swali la kuuliza.

Ripoti ya kesi ya kaka yangu ninayo mkononi, sielewi hata mstari mmoja. Nianzie wapi?

Acha matokeo kwanza. Tafuta karatasi tatu: hati ya ukamataji wa vielelezo, barua ya kupeleka sampuli, na ripoti yenyewe. Zitandaze mezani. Linganisha tarehe, majina ya waliokabidhiana, idadi ya pakiti, rangi ya kifungashio na uzito. Kama hati inasema pakiti 4 na ripoti inasema 5, au kielelezo kilitoka kituoni Jumatatu na kikapokelewa maabara Alhamisi bila maelezo, ziandike siku hizo tatu kwenye karatasi yako mwenyewe na umpelekee wakili kabla ya tarehe ya kusikilizwa.